Mama anauza dagaa, mchumba anasubiri, mi nataka kusomea upasuaji wa ubongo

Shikamoo Anti,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika. Naomba usiweke jina langu wala hospitali ninayofanyia kazi maana Mwanza hii madaktari tunajuana karibu wote.

Nina miaka 29, ni daktari, nimemaliza MD na intanship, sa hizi nimeajiriwa serikalini hospitali ya wilaya huku kando ya ziwa na nimeshathibitishwa kazini. Kwetu ni Ukerewe. Baba alifariki nikiwa form two, mama akahamia Mwanza na sisi watoto akaanza kuuza dagaa Mwaloni pale Kirumba, na hizo dagaa ndio zimenifikisha hapa ukiacha mkopo wa Bodi ambao bado unakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Wadogo zangu wawili bado wanasoma, mmoja form five mwingine chuo cha ualimu, na ada zao nalipa mimi.

Inshu yangu ni kwamba nimeomba kusomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu Dar na nafasi nimepata. Natakiwa nijibu kabla mwezi ujao haujaisha.

Kilichonivuta ni kijana mmoja wa bodaboda wa Igoma, nilikuwa intanship, usiku, zamu yangu. Kaletwa anaongea vizuri tu, anatukana hata waliomgonga, alafu baada ya muda akaanza kusinzia, nikipima fahamu zake alama zinashuka tu, kutoka 14 mpaka 9, na mboni ya jicho la kulia imekuwa kubwa kuliko ya kushoto. CT Scan ikaonyesha damu imejaa chini ya fuvu. Daktari bingwa aliyekuja alitumia drili ya kuzungusha kwa mkono, mi nikiwa nimeshika mpira wa kunyonya damu. Ule mlio Anti, mfupa unakwaruzwa unakwaruzwa alafu unabadilika ghafla na yeye hapo hapo analegeza mkono. Akaunganisha matundu akatoa kipande cha fuvu, ikatoka damu iliyoganda kama maini. Yule wa usingizi akafunua kope, akatuambia mboni imeanza kurudi. Siku chache mbele kijana amekaa kitandani anauliza pikipiki yake iko wapi. Tangu hapo nikisoma kitu kingine chochote naona kama nasoma ili mradi.

Sasa matatizo. Baba mdogo, ambaye ndio anasimama kama baba yetu, amesema nisome magonjwa ya wanawake na uzazi nifungue kliniki Buzuruga, hela ipo na mama atapumzika. Anasema mama kachoka, mgongo unamuuma, mi naenda kukaa darasani tena miaka mitano! Mchumba wangu anafanya kazi mgodini Geita, ni mtu mzuri sana sina la kumsema, ila nilipomwambia alinyamaza muda mrefu alafu akauliza "sasa utazaa lini?" Posa imeshaletwa na kwao Magu wanataka tuanze kuongea habari za ng'ombe. Alafu kuna daktari mmoja mkubwa aliniambia mbele ya wenzangu kwamba hii fani inataka mwanaume, kusimama saa nane mikono isitetemeke, mwanamke akishapata mtoto akili inabaki nyumbani.

Na mimi mwenyewe naogopa. Kuna mama alitoka visiwani na mtoto wa vichwa vikubwa, macho yamegeukia chini kabisa, amekaa nae nyumbani miezi anaambiwa atapona tu. Akawekewa shanti, yani mrija wa kupeleka maji yaliyojaa kichwani mpaka tumboni, akaruhusiwa, ikaziba, mpaka wanapata usafiri wa kurudi mtoto hali mbaya, akafariki. Nilikuwepo. Nawaza je nikiwa nayaona hayo kila wiki? Na wenzangu wananitisha kwamba ukirudi kanda ya ziwa utakuwa peke yako, simu inalia usiku na mchana mpaka uchakae, mabingwa wa hii kitu wenyewe wanahesabika.

Nikikataa nafasi naona nimejisaliti. Nikikubali naona nimemsaliti mama. Nifanye nini Anti?

Daktari wa Ziwani, Mwanza

---

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma jioni nikairudia asubuhi, maana ina mambo mengi umeyafunga kwenye furushi moja na ukilibeba hivyo hivyo litakuelemea. Unasema shida ni kukubali au kukataa nafasi. Mi naona kuna pesa ya nyumbani, kuna ndoa, kuna maneno ya yule mkubwa wako wa kazi, na kuna hofu yako wewe ya vifo na ya kubaki peke yako. Hiyo ya mwisho ndio umeiandika kwa mistari michache wakati ndio nzito kuliko zote.

Tuanze na lile la mwanaume maana linanikera na sitaki ulale nalo. Hapo ng'ambo ya ziwa tu, Uganda, Dkt. Juliet Sekabunga Nalwanga ni mwanamke wa kwanza nchini kwao kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na huko Romania Sofia Ionescu alikuwa anafungua mafuvu tangu 1944, wakati wa vita. Na we mwenyewe umesimulia kilichomuokoa yule kijana. Alikuwepo mtu aliyeendelea kupima fahamu zake na akaona mboni imebadilika, na huyo alikuwa wewe. Alafu akaja bingwa mwenye mkono unaojua kulegea mlio ukibadilika. Hapo mabavu yako wapi? Kuna operesheni ndefu kweli, ila nyingi za darubini hata kukaa unakaa.

Ila sitakudanganya pia. Ukiwa mwanamke mmoja kati ya wanaume wengi, maneno kama yale utayasikia tena na mengine yatatoka kwa mtu anayekusahihishia mitihani. Kwahiyo kabla hujajibu ulizia, tena kwa maandishi: mwanafunzi wa ubingwa akipata ujauzito inakuwaje? Sheria ya kazi inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini chuo kina taratibu zake za kusimamisha na kurudi masomoni, na we utakuwa mwajiriwa na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Watafute wanawake waliopo kwenye ubingwa wowote wa upasuaji, waulize nani aliwashikia zamu walipojifungua. Jibu lao litakuambia mengi kuliko kipeperushi cha chuo.

Sasa huyu mchumba. Umeandika alinyamaza, alafu akauliza utazaa lini. We umesikia anakukataza. Mi nimesikia swali, na ni swali la mtu anayetaka kuoa, halina ubaya. Je, ulimjibu? Maana inawezekana kabisa hajui kwamba mtu anasoma ubingwa na anazaa, hajui kama mshahara wako unaendelea au unakatika, hajui Geita na Dar mtaonana vipi. Inawezekana pia akishajua yote bado hataki, na hiyo utaijua vizuri zaidi kabla wazee hawajakaa kuhesabu ng'ombe kuliko baada. Mahari ikishapokelewa wazee wanaingia, na kila neno linakuwa la koo mbili.

Baba mdogo nae simlaumu, anaona mgongo wa shemeji yake. Na magonjwa ya wanawake sio fani ya kudharau hata kidogo, akina mama wa visiwani wanaofia uzazi unawajua wewe kuliko mimi. Ila tuiangalie hesabu yake. Yuko sahihi kwenye kitu kimoja ambacho vijana wengi hawakiwazi, kwamba bingwa wa uzazi anaweza kuanza na chumba, kitanda na mashine ya ultrasaundi, wakati wa ubongo hafungui kliniki Buzuruga akafanya kazi yake yote mle. Anahitaji CT Scan, ICU, mtu wa usingizi, damu benki, manesi waliozoea wagonjwa wa aina hiyo. Maisha yako yote utafungwa na hospitali kubwa na maamuzi ya watu wengine. Hilo lipime kwa umakini, na sio kwa ajili ya hela tu. Upande wa pili nakuuliza, je ukiingia fani ya pili kwa sababu ya kliniki, na ule usiku wa Igoma haujakutoka, utawahudumia hao akina mama kwa moyo gani? Jibu silijui. Wapo waliofanya hivyo wakaipenda fani waliyopewa, wapo ambao mpaka leo wanainung'unikia.

Hofu ya vifo. Mwanangu, kulia kwa ajili ya yule mtoto hakuonyeshi kwamba fani hii sio yako. Harvey Cushing, yule Mmarekani anayeitwa baba wa upasuaji wa ubongo wa kisasa, alianza wakati ambao kufungua kichwa cha mtu mwenye uvimbe ilikuwa karibu sawa na kumuaga. Alichofanya ni kuandika, kila mgonjwa anarekodiwa, anachorwa, anafuatiliwa miaka, presha inapimwa mezani wakati wengine hawaoni sababu. Mwaka 1931 alifikisha uvimbe wa 2,000 na vifo vikawa vimeshuka sana. Hata zile alama ulizokuwa unampimia kijana wa Igoma, ambazo leo zinaanzia 3 mpaka 15, kipimo chake kilianzishwa na madaktari wawili wa Glasgow mwaka 1974 kwa sababu kila mtu alikuwa anaelezea fahamu za mgonjwa kwa maneno yake, huyu "anasinzia" yule "hajitambui", na mgonjwa anaharibika katikati ya maneno. Na suala la shanti kuziba, sio mbali na hapa, Mbale Uganda, Dkt. Benjamin Warf na wenzake waliona kwamba watoto wengi wa vichwa vikubwa huko wamepata maji kichwani baada ya maambukizi ya utotoni, na wakaona pia tatizo hilo hilo lako, kwamba mama anayeishi mbali shanti ikiziba hafiki kwa wakati. Wakatengeneza njia ya kuingiza kamera ndogo, kufungua mlango mwingine wa maji ndani ya ubongo na kuunguza sehemu inayoyatengeneza, ili wengi wao wasihitaji shanti kabisa. Sio watoto wote inawafaa, lakini njia hiyo sasa inatumika mpaka Marekani. Ilianzia kwenye maumivu kama yako.

Alafu kuna hili ambalo huenda hujalifikiria, kwamba kazi ya watu hawa haiishii mezani. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuongeza virutubisho kwenye vyakula, ikiwemo foliki asidi inayopunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi, na madaktari wa upasuaji wa ubongo walikuwa mstari wa mbele kulipigania. Wale wale wanaolipwa kwa kupasua ndio walipigania watoto wasifike kupasuliwa. Kama moyo wako uko kwa yule mama wa visiwani, nafasi yake ipo humo pia.

Nimefika kwenye upweke, na hapa ndipo ningependa ukae zaidi. We unaijadili fani kama vile ni mtu na kisu chake. Mi naona swali la kwako ni utakuwa na nani. Jumuiya yao ni ndogo, na udogo huo una pande mbili. Upande mmoja ni kwamba mnajulikana, picha ya CT unaituma usiku kwenye grupu na mkubwa wako aliye Dar anakujibu, mitihani ya chuo cha wapasuaji cha ukanda huu, COSECSA, inakukutanisha na wenzako kutoka Kenya, Malawi, Zambia, na mnabaki mnaitana majina maisha yote. MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, imekuwa ikipokea wakufunzi wa nje kila mwaka kwa kozi, na kule Rabat Morocco tangu 2002 kuna kituo cha shirikisho la dunia la wapasuaji wa ubongo kinachofundisha vijana wa Afrika. Huo ni ukoo mpana. Upande wa pili ni kwamba ukigombana na mmoja hamna pa kukimbilia. Msimamizi akikuchukia, huyo huyo atakuwepo kwenye usaili, kwenye mtihani, na kwenye mkutano. Usiende bila kujua wasimamizi wako ni akina nani, wangapi, na waliomaliza mikononi mwao wanasemaje wakiwa hawasikilizwi.

Na kurudi nyumbani pia. Wenzako wanakutisha utakuwa peke yako, hilo nalo sio hadithi. Bingwa mmoja mwenye zamu ya kila usiku anachakaa kweli, na bingwa anayepangiwa mahali ambapo CT imeharibika miezi na ICU haina kitanda anageuka kuwa mtu wa kuandika rufaa. Lakini mbona unahesabu kwamba utarudi kesho? Unarudi baada ya miaka mitano au zaidi, na kuna watu wengine wanasoma sasa hivi. Watafute walioko masomoni kutoka kanda ya ziwa, hata kama ni wawili. Mkijipanga kurudi pamoja, kushikiana zamu, kwenda kwa mwajiri kwa sauti moja kudai drili na vitanda, hayo ni maisha mengine kabisa na ya yule unayemuogopa kuwa.

Njia ziko zaidi ya mbili mwanangu. Kukubali sasa, ukijua mshahara utaendelea tu kama ruhusa ya masomo ya mwajiri imetoka rasmi, usiondoke kwa ahadi ya mdomo, wangapi wameondoka hivyo wakakuta mshahara umesimama. Kuomba kuahirisha mwaka mmoja, mdogo wako wa ualimu amalize na mambo ya ndoa yaeleweke, hatari yake ni kwamba nafasi inaweza isikusubiri na mwaka mmoja una tabia ya kuzaa mwingine. Kuna njia ya COSECSA, ambako miaka miwili ya mwanzo unasoma msingi wa upasuaji kwa ujumla, unafanya mtihani, ndio unachagua tawi, inakupa muda wa kujijua ukiwa ndani ya chumba cha upasuaji, ila ni safari ndefu na unasoma huku unafanya kazi.

Na kuna kubaki wilayani ukawa yule daktari anayemjua mgonjwa wa kichwa mapema. Hapa hapa Tanzania, hospitali ya Haydom, mwaka 2006 Dkt. Dilantha Ellegala alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi ambaye hakuwa bingwa, kufanya upasuaji wa ubongo, na yeye akawafundisha wengine. Wapo ndani ya fani wanaoona hiyo ni hatari, kwamba inashusha viwango na serikali itaridhika isisomeshe mabingwa, na wapo wanaosema asiye na bingwa karibu anakufa wakati nyie mnabishana. Wote nawaelewa. Wewe unaifahamu barabara ya kutoka wilayani kwako mpaka hospitali ya rufaa Bugando, unajua mgonjwa wa aina ile anatumia saa ngapi.

Limebaki la mama. Barua yote umeniambia baba mdogo kasema nini, mchumba kasema nini, mkubwa wa kazini kasema nini. Mama umeandika kachoka na mgongo unamuuma, tena hilo nalo limetoka kwa baba mdogo. Yeye mwenyewe kasema nini? Umeshamuuliza, au unamlinda asijue? Mwanamke aliyetoka Ukerewe na watoto baada ya kufiwa akaanza upya Mwaloni ameshafanya maamuzi makubwa kuliko hili, na huenda ana mahesabu yake ambayo hamumuachii nafasi ya kuyasema. Nenda na namba kamili: mshahara ukiendelea ni shilingi ngapi, ukitoa makato ya Bodi inabaki ngapi, ada ya wadogo ngapi, chumba Dar ngapi, na pengo ni la shilingi ngapi kwa mwezi. Mueleze na mgongo wake, akapimwe, hilo halihitaji kusubiri uamuzi wowote na we ndio daktari wa nyumba. Anaweza kukuambia nenda, anaweza kukuambia mwanangu nisubirie kidogo, na ukishalisikia kwake mwenyewe hilo neno kusaliti huenda lisiwe na kazi tena, kwa jibu lolote lile.

Wiki hii fanya mawili tu. Ile barua ya chuo isome tena uone kama kuna kipengele cha kuahirisha, kama hakipo wapigie uulize, na pale kwa afisa utumishi wako ulizia ruhusa ya masomo inachukua muda gani kutoka. Alafu panda gari uende Kirumba. Ukishaongea na mama niandikie, hata kama bado hujaamua.

Anti